Kona ambayo maikroskopu haifiki

Nina miaka 11 ya unesi wa thieta, 7 kati ya hiyo nimeitumia upande wa ubongo, na hakuna swali ninaloulizwa na wadogo zangu wanaokuja kujifunza kama hili: sista, kati ya maikroskopu na endoskopu, zile mashine mbili za kuonea ndani ya kichwa, ipi kali? Zamani nilikuwa najibu palepale huku navaa glavu. Saivi simjibu mtu mpaka nimsimulie habari ya mama wa vitenge. Mwenyewe kaniruhusu niandike, vitu vidogo vidogo nimevibadilisha asijulikane, ila yaliyotokea thieta ni hayohayo.

Mama huyu ana miaka 38, anauza vitenge sokoni, mtu wa maneno mengi na kicheko cha kusikika mpaka banda la tatu. Hivyo ndivyo ndugu zake walivyonieleza, maana mi nilipomkuta wodini alikuwa anaongea meno yameumana, midomo inafunguka kidogo tu upande wa kulia. Upande wa kushoto wa uso ulikuwa haugusiki. Anasema inakuja kama shoti ya umeme, inaanzia karibu na sikio inashuka kwenye taya, sekunde chache imeisha alafu inarudi, kwa siku mara thelathini, arobaini, mpaka anaacha kuhesabu. Upepo wa feni unaiamsha. Mswaki unaiamsha. Ugali ndo kabisa, alikuwa anakunywa uji kwa mrija. Na kitu ambacho hakijanitoka kichwani mpaka leo ni jinsi alivyokuwa ananawa, anachovya kitambaa kwenye maji ya vuguvugu anafuta nusu ya uso, ile nusu nyingine inabaki hivyohivyo, miezi na miezi.

Miaka minne alizunguka. Kwa kuwa maumivu yalikuwa tayani alienda kwenye meno, gego la kwanza likang'olewa, maumivu yakabaki, wakasema basi ni la jirani yake, likang'olewa na hilo, alafu la tatu. Magego matatu, yote mazima. Hili linaniuma na nalisema wazi kwa sababu yeye si wa kwanza na hatakuwa wa mwisho: neva ya 5, ile inayobeba hisia za uso, ikibanwa kule ndani ya fuvu, ubongo unapokea habari kwamba jino linauma, na mgonjwa ataapa mbele yako kwamba ni jino. Aliyemtoa kwenye huo mzunguko ni daktari kijana wa hospitali ya wilaya aliyemuuliza swali moja tu, mama, nikikugusa hapa shavuni kwa pamba inakuja? Ikaja. Akampa kabamazepini, maumivu yakatulia wiki kadhaa, lakini yule kijana hakuridhika, akasema mtu wa chini ya miaka 40 mwenye maumivu ya namna hii ni lazima apigwe MRI tusije tukawa tunafunika kitu. Na kitu kilikuwepo kweli.

Uvimbe wenyewe unaitwa epidamoidi. Kwenye picha za kawaida za MRI unaweza kukupita kabisa kwa sababu unafanana na maji ya ubongo yanayouzunguka, lakini ipo aina moja ya picha inaitwa difyusheni, hapo ndo unawaka mweupe hata mimi nesi nauona kutoka mlangoni. Asili yake ni tumboni mwa mama, wiki ya tatu mpaka ya tano, wakati ule mrija utakaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo unajifunga, chembe chache za ngozi zinafungiwa ndani kimakosa. Alafu zinafanya kazi ile ile ngozi inayofanya huku nje, zinazaa magamba na kuyapukuta, ila huku nje ukioga magamba yanaondoka na kule ndani hayana pa kwenda, yanarundikana taratibu taratibu miaka 30, 40, kabla mtu hajajua. Mfaransa mmoja, Cruveilhier, mwaka 1829 aliufananisha uvimbe huu na lulu, na ukiuona kwa macho yako utamkubali. Mweupe, unang'aa.

Shida ni tabia yake. Uvimbe mwingine unakaa sehemu moja unakua kama boga, unasukuma majirani. Epidamoidi inatambaa. Inaingia kila mwanya inaoukuta kama maji ya mafuriko yanavyoingia vichochoroni, inaizunguka neva, inapita nyuma ya mshipa wa damu, inatokea upande wa pili. Wa huyu mama ulikuwa kwenye ile kona ya kushoto kati ya ubongo mdogo na shina la ubongo, eneo ambalo lina neva ya 5 juu, ya 7 ya kukunja uso na ya 8 ya kusikia katikati, na zile za kumeza na za sauti chini. Zote hizo ndani ya nafasi ambayo kidole chako gumba kinaijaza. Na mionzi haiusaidii huu uvimbe, magamba yaliyokufa mionzi itayafanya nini. Dawa yake ni kuutoa, na ukiacha vipande vyenye ganda lake linalozaa magamba, utarudi, hata kama ni baada ya miaka 10.

Ndo maana suala la kuona ni suala la maisha hapa, na ndo maana nataka niziongelee hizi mashine mbili vizuri kabla sijaingia thieta.

Maikroskopu ni jicho ninaloliheshimu sana. Inaning'inia juu ya jeraha kama sentimita 20 mpaka 50 hivi, daktari anaweka macho yake yote mawili na ule uwili wa macho ndo siri yake, anaona kina, anajua hiki kiko mbele ya kile hata kama vimeachana unene wa unywele. Na mikono yake yote miwili iko huru, saksheni ya kunyonya huku, koleo huku. Walioanza ni madaktari wa masikio, Nylén kule Stockholm mwaka 1921, ikakaa kwenye masikio miaka mingi, mwaka 1953 kampuni ya Zeiss ya Ujerumani wakatoa maikroskopu ya OPMI 1 ambayo ndo mama wa hizi tunazotumia, na mwaka 1957 daktari Kurze, Los Angeles, akaipeleka kwenye upasuaji wa ubongo kwa mtoto wa miaka 5. Alafu akaja Yaşargil, Mturuki aliyekuwa anafanya kazi Uswisi, akaenda Vermont Marekani kwenye maabara ya Donaghy kujifunza kushona vimishipa vidogo sana, akarudi Zürich na kuanzia 1967 akaonyesha dunia kwamba ubongo unaweza kupitwa katikati ya mikunjo yake bila kukatwakatwa. Alifariki 2025 akiwa na miaka 99 na siku ile thieta yetu tuliongea habari zake mchana kutwa, hata wale wafagizi wetu walijua kuna mzee mkubwa ameondoka.

Lakini mwanga wa maikroskopu unaenda mnyoofu na jicho linaenda mnyoofu. Chukua mtungi wa maji wenye shingo nyembamba, uchungulie kwa juu. Chini unapaona vizuri, hata mchanga unauona. Mabega ya mtungi kwa ndani, huyaoni, na ukitaka kuyaona kwa njia hiyo itabidi upanue mdomo wa mtungi. Kwenye kichwa cha mtu kupanua mdomo wa mtungi maana yake ni kuchonga mfupa zaidi au kuuvuta ubongo zaidi, na ubongo mdogo ukivutwa sana unavimba, na neva ya kusikia ikivutwa kidogo tu mtu anaamka hasikii sikio hilo.

Endoskopu yenyewe ni fimbo ya chuma yenye kioo ndani, zile ngumu tunazotumia sisi zina unene wa milimita 4, nyingine 2.7, na uzuri wake ni ncha. Ipo ya digrii 0 inayoangalia mbele, ya 30 inayoangalia kwa pembeni kidogo, 45, na 70 ambayo karibu inaangalia ubavuni kabisa. Yaani umelichukua jicho ukaliingiza ndani ya mtungi, likageuka likaangalia mabega. Mwangaza uko hapohapo kwenye ncha. Hizi fimbo za kioo ni kazi ya Hopkins, profesa wa fizikia Uingereza, aliyezibuni mwishoni mwa miaka ya 1950, na Karl Storz Mjerumani akaziunganisha na taa yake inayokaa mbali na mgonjwa. Kabla ya hapo watu walishajaribu na vifaa vya kuangalizia kibofu jamani, Lespinasse Chicago 1910 kwa watoto wawili wachanga wenye kichwa maji, Mixter 1923 kwa mtoto wa miezi 9, lakini picha ilikuwa giza, ukungu, wengi wakakata tamaa.

Na hapa kuna kisa ninachokipenda, cha uvimbe wa tezi ya pituitari, ile inayokaa chini ya ubongo nyuma ya pua. Daktari Schloffer alipita puani mara ya kwanza 1907 kule Innsbruck, Austria. Cushing, Mmarekani aliyekuwa jina kubwa kuliko yote kwenye upasuaji wa ubongo wakati ule, akafuata, kati ya 1910 na 1925 alifanya upasuaji 231 kwa njia hiyo, alafu akaiacha akarudi kufungua fuvu kwa juu, na kwa kuwa ni Cushing karibu wote wakamfuata. Dott wa Edinburgh hakuacha. Guiot wa Paris akaenda kwa Dott akaiona, akarudi nayo Ufaransa, na mwaka 1963 akajaribu kuingiza endoskopu puani, akaiweka chini kwa sababu hakuona vya kutosha. Hardy wa Montreal akajifunza kwa Guiot na yeye akaleta maikroskopu, na hapo ndo njia ya pua ikafufuka dunia nzima. Ikakaa maikroskopu peke yake miaka karibu 30, mpaka 1992 Jankowski na wenzake wakatoa ripoti ya wagonjwa wao 3 waliofanyiwa kwa endoskopu peke yake, alafu Jho na Carrau pale Pittsburgh wakaifanya iwe kazi ya kila siku. Ukifuatilia hicho kisa utaona mkono kwa mkono, mtu na mwanafunzi wake, mashine moja inatoka nyingine inaingia kwenye tundu lile lile la pua. Ndo maana sipendi nikisikia vijana wanagawana timu kama Simba na Yanga, huyu wa endoskopu huyu wa maikroskopu. Puani leo endoskopu imetawala na inastahili, nafasi ipo, msaidizi anashika kamera na daktari anafanya kazi kwa mikono miwili. Kwenye kona ya ubongo mdogo mambo ni mengine kabisa.

Haya, turudi kwa mama.

Siku yake tuliingia saa mbili asubuhi. Amelazwa ubavu, kichwa kimebanwa kwa pini 3, sindano nyembamba zimechomwa kwenye nyusi na pembeni ya mdomo ili mashine isikilize neva ya uso, na kispika kidogo sikioni kinapiga tik tik tik kupima kama neva ya kusikia bado inajibu. Toroli la endoskopu tuliliazima kwa wenzetu wa masikio, pua na koo, na nilikuwa nimelifuata mwenyewe jioni ya jana yake nikalijaribu, taa, waya, skrini, vioo vyote vitatu, maana kitu kibaya kuliko vyote ni kufika katikati ya upasuaji ukaambiwa waya wa taa umekatika. Skrini tuliiweka mbele ya daktari kabisa, usawa wa macho, siyo pembeni, kwa sababu mtu akigeuza shingo mkono nao unageuka. Hospitali nyingine wana maikroskopu mpya zinazoleta picha ya endoskopu ndani ya macho yake yenyewe, sisi hatuna hiyo, tuna skrini na tuna akili ya kuipanga.

Profesa wetu wa upasuaji akafungua nyuma ya sikio, tundu la mfupa kama sentimita 3 hivi, akafungua utando wa ubongo, akaanza kwa kuyatoa maji ya ubongo taratibu kutoka kule chini, na hapo ndo huwa napapenda, ubongo mdogo unalegea wenyewe unaondoka njiani bila mtu kuuvuta. Tukaleta maikroskopu imeshavalishwa mfuko wake. Na pale mbele, lulu. Chumba kizima kilinyamaza. Yule mwanafunzi aliyekuwa nyuma yangu alivuta pumzi nikaisikia.

Masaa matatu maikroskopu ilifanya kazi. Magamba yanatoka laini, kama nta, kwa saksheni na kijiko kidogo, pamba zimepangwa pembeni zote ili yasimwagike, kwa sababu yale mabaki yakitawanyika kwenye maji ya ubongo mgonjwa anapata homa ya uti wa mgongo isiyo na mdudu, homa kali na shingo inakakamaa, na antibayotiki haifanyi kitu. Kipande kwa kipande neva zikaanza kuonekana, ya 7 na ya 8 zimelala pamoja kama uzi wa lulu umekatika, ya 5 juu imekandamizwa bapa kama utepe. Mama yangu, nikaona pale ndo uji kwa mrija ulipotoka. Sehemu ya ganda ilikuwa imegandamana na shina la ubongo, profesa akaijaribu mara mbili, ikakataa, akaiacha. Akasema kwa sauti ili iandikwe, tumeacha utando hapa kwa makusudi. Naheshimu sana daktari anayejua kuacha.

Saa saba kasoro akainua uso. Kwa maikroskopu palikuwa safi. Kwa kweli ukiniuliza mimi ningesema tumemaliza, neva ya 5 inaonekana kuanzia shina la ubongo mpaka inapopotelea nyuma ya kinundu cha mfupa, weupe wa mfupa tu, hakuna kingine. Miaka ya nyuma hapo tungekuwa tunahesabu pamba na kufunga. Akasema, sista, lete 30.

Sasa kuingiza endoskopu kwenye ile kona ndo sehemu ambayo watu hawaielewi, na ndo hasa maana ya kuziunganisha. Endoskopu inaona kilicho mbele ya ncha. Haioni kilicho nyuma ya ncha. Ile fimbo yote ya sentimita 18 inayopita katikati ya neva haina jicho ubavuni, unaweza kuwa unaangalia picha nzuri kwenye skrini kumbe shingo ya fimbo imeilalia neva ya kusikia na huna habari. Nililiona hilo kwa macho yangu zamani, sehemu niliyofanya kazi mwanzoni. Aliyeshika kamera aliitwa jina na mtu nyuma yake, akageuza kichwa, na mkono ukamfuata milimita chache tu. Ile tik tik ya sikio ikaanza kuchelewa, mashine ikalia, wakatoa fimbo, tukasimama wote hakuna anayegusa kitu, dakika zile sijui zilikuwa ngapi mi niliona kama saa, mpaka mawimbi yakarudi. Mgonjwa aliamka anasikia. Ila toka siku hiyo popote nilipo endoskopu ikiwa ndani ya kichwa haitwi mtu jina, simu hazipokelewi, mlango haufunguliwi, na wadogo zangu wanajua nikisema kimya namaanisha.

Kwa hiyo inaingia chini ya macho ya maikroskopu. Profesa macho yako kwenye maikroskopu, anaiona fimbo inavyopita kati ya neva ya 5 na zile za katikati, anaisindikiza mpaka mahali pake, msaidizi anaifunga kwenye mkono wa chuma isitikisike, hapo sasa ndo anahamisha macho kwenda kwenye skrini. Na ikitoka, vilevile, macho yanarudi kwanza kwenye maikroskopu ndo inavutwa. Moja inalinda njia, nyingine inaangalia mwisho wa njia. Kazi yangu ni kwamba kioo kiwe kimeshaonyeshwa gozi nyeupe ili kijue weupe ni upi, kimepakwa dawa ya ukungu, maji ya chumvi yawe ya vuguvugu maana ya baridi yanaleta ukungu na yanaishtua neva, na taa niishushe, isizidi inavyohitajika, kwa sababu ile ncha inapata joto na imekaa karibu kabisa na shina la ubongo.

Picha ikaja. Ukungu kidogo, nikamwagia maji, ikafunguka.

Tukakiona kile kinundu cha mfupa kwa nyuma yake, upande ambao maikroskopu isingeuona hata ungeizungusha mpaka kesho. Na nyuma yake, kwenye kijipango ambamo neva ya 5 inaingia kwenda usoni, kulikuwa na lulu nyingine. Siyo utando, kipande kabisa, kimejaa, kimeisukuma neva kwa chini. Kama ukubwa wa punje mbili za mahindi kwa makadirio yangu. Yule mwanafunzi akasema "Mungu wangu" na sikumkemea.

Profesa hakusema kitu. Akaomba saksheni iliyopinda na kijiko kilichopinda, kwa sababu ukiona kwa kupinda ni lazima na mkono upinde, vifaa vilivyonyooka havifiki, na hili thieta nyingi zinalisahau, zinanunua endoskopu ya 30 na 70 alafu vifaa ni vile vile vya zamani, mnaona kitu hamuwezi kukigusa. Njia nyingine ingekuwa kuchonga kile kinundu kwa drili ili maikroskopu ipate mwanya, na inafanyika, ila ni drili inayozunguka pembeni ya neva na ni saa nzima nyingine. Dakika 25 kile kipande kikatoka. Neva ya 5 ikainuka kidogo, yenyewe, kama mtu aliyeondolewa mzigo kichwani.

Tukabadilisha kioo tukaangalia na kona nyingine, chini kwenye neva za kumeza, mbele ya shina la ubongo, upande wa pili. Pasafi. Mwisho akaangalia ukingo wa mfupa tuliofungua, kutafuta vitundu vya hewa vilivyofunguka, maana hivyo visipozibwa kwa nta maji ya ubongo yanapita humo yanatokea puani. Kimoja kilikuwepo. Kikazibwa.

Perneczky, daktari wa upasuaji wa ubongo wa Mainz, Ujerumani, aliyefariki 2009, ndo aliyeipigania hii namna ya kazi na kuiandikia mwaka 1998, endoskopu ikiwa msaidizi wa maikroskopu kwenye mlango mdogo wa mfupa. Na siyo kwa epidamoidi tu. Uvimbe wa neva ya kusikia unaingia ndani ya mfereji wa mfupa wa sikio na milimita zake za mwisho zimejificha kwenye kona, ukichonga kuzifuata unaweza ukavunja sikio la ndani lenyewe, endoskopu inakuonyesha kama umemaliza au la. Uvimbe mkubwa wa pituitari uliopanda juu, vilevile.

Na mtu asiniambie haya ni mambo ya Ulaya. Pale Mbale, Uganda, hospitali ya watoto ya CURE, daktari Mmarekani, Warf, alianza mwaka 2001 kutibu watoto wa kichwa maji kwa endoskopu, akaunganisha kutoboa sakafu ya chumba cha tatu cha ubongo na kuchoma ile tishu inayotengeneza maji, ili mtoto wa kijijini asiishi na mpira wa kutolea maji kichwani unaoziba wakati hospitali iko mbali. Dunia imekuja kujifunza Mbale. Muhimbili pale MOI, taasisi ya mifupa na ubongo, na Mnazi Mmoja Zanzibar upasuaji wa ubongo unafanyika na madaktari wetu wanasomeshwa hapahapa. Kinachotakiwa ni endoskopu isiwe ya kuazima, na nesi wa kuitunza afundishwe, kwa sababu kioo kimoja kikidondoka sakafuni mgonjwa wa kesho hana jicho la kuangalia kona.

Ukiwa na ndugu anayekwenda kufanyiwa uvimbe wa kona hiyo, muulize daktari wake kwa heshima, dokta, mtaangalia vipi sehemu ambazo maikroskopu haifiki? Hatakasirika. Aliyejiandaa atafurahi kuulizwa.

Asubuhi ya siku ya tatu nilipanda wodini kabla ya zamu. Nikamkuta kwenye sinki, bandeji nyuma ya sikio, mdogo wake kamshika kiuno asianguke. Alikuwa amekinga maji ya bomba kwa viganja vyote viwili, ya baridi, na anajimwagia uso mzima. Akajimwagia tena. Nikasimama mlangoni sikutaka kumkatiza. Aliponiona akauliza yale meno matatu, sista, yalikuwa na ubovu wowote? Nikamwambia kwa ninavyojua mimi, hapana mama. Akakaa kimya kidogo. Akauliza tena, na hicho mlichokiacha, kikiota mtakiona? Nikamwambia kila mwaka utapiga picha, tutakiona.

"Na ile kamera ya kukunja kona mtakuwa nayo?"

Nikamwambia tutaiazima tena. Akageukia bomba akaendelea kunawa.